Dakta Denis Burkitt: Tabibu wa Jicho Moja na Daftari za Hospitali

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia kwa wenye maduka, na kwa mweka hazina wa chama chetu wakati wa kukusanya ada. Lakini iko mali nyingine, yaani afya ya watoto, ambayo nayo hupotea vivyo hivyo. Nimechagua kuandika juu ya Dakta Denis Burkitt kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa unaoitwa kwa jina lake unapatikana hapa hapa kwetu, Homa Bay na Migori, kuliko sehemu nyingi za dunia. Pili, mwanafunzi akisema kwamba akimaliza kidato cha nne ataomba nafasi KMTC asomee rekodi na habari za afya, wenzake humcheka, eti anakwenda kuwa karani wa kupanga faili. Hebu basi tumtazame mtu huyu ambaye alikuwa daktari mpasuaji, tena hodari, lakini jina lake limebaki duniani kwa kazi ya faili.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, mwenye dhamana ya barabara na madaraja. Mzee huyu alikuwa na jambo lake ambalo huenda majirani walilionea ajabu. Alikuwa akiwakamata ndege wadogo bustanini mwake, anawavisha pete miguuni, kisha anawaachilia na kuandika siku baada ya siku kila mmoja ameonekana wapi. Kwa njia hiyo, katika miaka ya 1920, aliweza kuchora ramani na kuonyesha mipaka ambayo kila ndege huilinda kama shamba lake mwenyewe. Wataalamu wa ndege humhesabu miongoni mwa waliotangulia katika kazi ya namna hiyo. Mimi naona ukitaka kumwelewa mwana, anza na baba.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likampata usoni. Miwani ikavunjika, na jicho lake la kulia likapotea. Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake, lakini punde akageuza nia na kusomea udaktari. Alikuwa kijana mshika dini, na aliamini kwamba huko ndiko Mungu alikomwita. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata cheti cha juu cha upasuaji huko Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Waingereza Afrika, alikataliwa. Daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, jamani! Wakubwa waliona haiwezekani. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto aliingia jeshini kama daktari, na jeshi likamleta Kenya na Somalia, baadaye likampeleka Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka. Alipotoka vitani aliomba tena, na safari hii akapata. Akapelekwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, ambako alikuwa daktari wa wilaya nzima. Huko alipasua wanaume wengi waliokuwa na mabusha. Daktari mwingine angepasua, angeshona na kumwita mgonjwa wa pili. Burkitt alianza kuwauliza wanatoka upande gani. Kumbe waliotoka mashariki ya wilaya walikuwa wengi mno, na waliotoka magharibi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole! Akafunga safari mwenyewe kwenda kuwakagua watu wa pande zote mbili, na akaona kwamba upande mmoja wanaume kama 30 kwa kila 100 wana busha, na upande wa pili pengine mmoja. Wilaya ni moja, lugha ni moja, hospitali ni moja, lakini ugonjwa una mpaka wake. Mambo hayo aliyaandika katika jarida la madaktari mwaka wa 1951. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wa kwanza, na chombo chake kilikuwa swali moja tu: kwenu ni wapi?

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Kampala, na akawa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago.

Sasa tufike mwaka wa 1957. Siku moja Dakta Hugh Trowell, bingwa wa utapiamlo wa watoto, alimwita Burkitt wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote, taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Kama lingekuwa jipu, lingeshika upande mmoja. Kama ingekuwa saratani aliyoisoma chuoni, isingeanza mahali pane kwa wakati mmoja. Alipiga picha, akaandika, akabaki anafikiri.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, katika hospitali ya huko, akiwapitia wagonjwa pamoja na wenzake. Katika kutupa jicho dirishani (lile lile moja alilokuwa nalo) alimwona mama amekaa majanini na mtoto wake, na uso wa mtoto umevimba vile vile. Alitoka mbio akaenda kumtazama. Huyu naye alikuwa na uvimbe tayani, na alipombonyeza tumboni akakuta uvimbe mwingine. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili si ajabu tena, ni habari.

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, kwa maana hapa ndipo utafiti ulipoanza. Hakukimbilia dawa, hakukimbilia kisu. Alirudi Mulago akaingia kwenye rekodi. Alifungua daftari za wagonjwa na karatasi za wapasuaji waliomtangulia, akitafuta kila mtoto aliyeandikwa kwamba alikuwa na uvimbe. Akaona kwamba wamekuwepo miaka nenda miaka rudi, ila kila daktari alimwandika wake peke yake, chini ya jina alilolijua yeye. Mmoja aliandika saratani ya taya, wa pili ya figo, wa tatu ya jicho, wa nne ya tumbo. Ugonjwa mmoja ulikuwa umetawanywa katika kurasa nyingi kama kuku waliotoka bandani.

Bahati nzuri, Uganda ilikuwa na watu waliojali kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kampala ilikuwa imeanzisha rejista ya wagonjwa wa saratani chini ya Profesa Jack Davies, na Dakta Gregory O'Conor alipoipekua aliona kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto zilikuwa huu ugonjwa mmoja, saratani ya chembe za limfu. Isitoshe, pale pale Kampala kuna Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dakta Albert Cook mwaka wa 1897. Cook alikuwa mtu wa kuandika kila mgonjwa, na daftari zake zilihifadhiwa. Ndani yake yalikutwa maelezo ya watoto wenye uvimbe wa taya wa namna hii hii. Kwa hiyo ugonjwa haukuja jana. Ulikuwepo Cook alipofika, na tumelijua hilo kwa kuwa kuna mtu aliyetumia wino wake na mwingine ambaye hakuzichoma karatasi. Walionakili majina wodini na kutunza makabati miaka yote hiyo hawatajwi sana vitabuni. Nadhani hiyo si haki.

Mwaka wa 1958 Burkitt alichapisha habari za watoto 38. Wakubwa wa Ulaya hawakushtuka.

Yeye aliendelea. Swali lake sasa lilikuwa lile la Lira, lakini kwa bara zima: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Aliomba fedha za utafiti akapewa pauni 25, sawa na shilingi 500 za Afrika Mashariki za wakati ule. Kwa pesa hizo alichapisha karatasi kama 1,000 zenye picha za watoto wenye uvimbe na maswali machache, akazituma kwa posta kwa madaktari wa serikali na wa misheni kote Afrika. Je, umeuona ugonjwa huu hapo ulipo? Majibu yalipoanza kurudi, alitundika ramani kubwa ya Afrika ukutani ofisini mwake, na kila jibu la ndiyo akalichomekea pini.

Pini zilijipanga zenyewe. Zilifanya mshipi mpana unaokata Afrika katikati, upande huu na huu wa ikweta, na mkia mmoja ukashuka mashariki kuelekea Msumbiji. Juu ya mshipi, hakuna. Chini yake, hakuna. Hata ndani ya mshipi palikuwa na matobo: nyanda za juu za Rwanda na Burundi, na Kigezi kule Uganda kusini magharibi.

Lakini tobo kwenye ramani lina maana mbili. Huenda hapo hakuna ugonjwa. Huenda pia hapo hakuna daktari, au yupo na hakujibu barua, au alijibu na hajui anachokiona. Mtu asiye makini angeridhika na pini zake. Burkitt alitaka kujua kimya kile ni cha namna gani. Huu, kwa maoni yangu, ndio ukubwa wake, kuliko hata ule uvimbe wenyewe. Kuhesabu waliopo ni rahisi. Kuhakikisha kwamba wasiokuwepo kweli hawapo, hapo si mchezo.

Basi tarehe 7 Oktoba, 1961, Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford la mwaka wa 1954. Gari hilo lilinunuliwa kwa pauni 250, yaani mara kumi ya fedha zile za kwanza za utafiti! Alifuatana na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa na sifa ya ziada, alijua kutengeneza magari, na kwa barabara za siku hizo naona alikuwa na kazi kuliko wote. Walishuka hadi Afrika Kusini na kurudi, maili kama 10,000 katika wiki kumi. Waliingia hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali waliwaonyesha wenyeji picha, wakauliza, wakafungua daftari, wakaandika. Jibu la hapana waliliandika kwa uangalifu ule ule wa jibu la ndiyo.

Waliporudi, mstari ulikuwa umeonekana. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya futi 5,000, ugonjwa unapotea. Kadiri unavyokwenda kusini, kimo hicho kinashuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, ndiye aliyeng'amua kwamba kimo ni kisingizio tu. Jambo lenyewe ni joto na mvua. Ugonjwa unataka mahali ambapo baridi haishuki sana na mvua haikosekani. Na ni nani mwingine anayependa joto na maji? Mbu.

Ndugu msomaji wa hapa kwetu, mstari huo huhitaji kwenda Afrika Kusini kuutafuta. Futi 5,000 ni karibu mita 1,500. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na mji wa Homa Bay uko papo hapo ufuoni. Migori mjini nako bado ni chini ya mstari. Panda matatu ya Kisii, pita Rongo, na ukianza kuona migomba na majani chai na kutafuta sweta, umeshauvuka mpaka wa Burkitt. Mwaka wa 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake waliuchunguza ugonjwa huu nchini Kenya wakaona kwamba unafuatana na malaria kali. Baadaye Burkitt alitaja pia visiwa vya Unguja na Pemba: malaria ilikuwa imepunguzwa huko, na uvimbe huu ulikuwa haba.

Huko nyuma kidogo, tarehe 22 Machi, 1961, Burkitt alikuwa London kwa likizo akatoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Katika wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Aliposikia habari za saratani yenye ramani, inayofuata mvua na joto, alihisi kwamba lazima kuna kirusi. Wakapatana, na vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikageuzwa Manchester, na mzigo ukachelewa. Ulipofika, maji ya chupa yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Wengine wangemwaga. Epstein alitazama kwa hadubini akaona ni chembe za saratani zilizojitenga zenyewe na ziko hai. Alizikuza, na mwaka wa 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Karibu sisi sote tunacho mwilini tangu utoto na hakitudhuru. Ila mtoto anayepigwa na malaria kila mara, kinga yake hubabaika, na hapo mlango hufunguka.

Na watoto wenyewe je? Mwanzoni Burkitt alijaribu kisu na akaona hakifai, kwa maana uvimbe uko mahali pengi. Kuanzia mwaka wa 1960 hivi alijaribu dawa za kuua chembe za saratani zilizoletwa na madaktari wa Marekani, na Nairobi Dakta Peter Clifford alifanya vivyo hivyo. Uso uliovimba kama boga ulinywea katika siku chache. Wengine uliwarudia wakafa. Wengine walipona kabisa, wakati ambapo kansa nyingi duniani zilihesabiwa kuwa hazina tiba kwa dawa. Ugonjwa huu huongezeka haraka mno, mtoto huweza kuharibika kwa wiki chache, lakini kwa sababu hiyo hiyo dawa huukamata upesi akifikishwa mapema.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966. Huko alishika jambo jingine, makapi ya chakula. Aliwaandikia tena marafiki zake wa hospitali za Afrika akawauliza wanaona mara ngapi magonjwa ya tumbo yanayowasumbua Wazungu, akaja na fikira kwamba ugali, mboga na nafaka zisizokobolewa ndizo zinazotukinga. Watu walimsikiliza sana, na kitabu chake cha mwaka wa 1979 kilisomwa nchi nyingi. Si yote aliyoyasema kuhusu makapi yaliyothibitishwa baadaye, na mimi naiona kazi ile ya pini kuwa imara zaidi. Lakini anayepekua mtama sahanini ajue tu kwamba alikuwa na mtetezi mkubwa. Burkitt alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Miaka zaidi ya 15 baada ya kifo chake, ramani yake ilifika hospitalini kwetu. Kuanzia mwaka wa 2010 hadi 2016, watafiti wa Uganda, Tanzania na Kenya, wakishirikiana na taasisi ya saratani ya Marekani, waliendesha utafiti mkubwa juu ya ugonjwa huu. Kwa Kenya, watoto waliandikishwa Webuye na katika hospitali kuu ya Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizohusika. Katika nchi zote tatu waliandikishwa watoto zaidi ya 800 wenye ugonjwa, na wengine wazima kwa maelfu, ili walinganishwe.

Hata hivyo tobo lile la ramani halijazibika. Mtoto wa Mbita, wa Karungu au wa Nyatike anayevimba shavu, akapelekwa kung'olewa jino, kisha akapakwa dawa za miti shamba, kisha akafia nyumbani, hayumo katika daftari lolote. Aliyefika hospitali lakini akaandikwa jipu, naye hayumo. Na yule aliyeandikwa jina bila kijiji, bila umri, bila simu ya mzazi, huyo akikosa sindano ya pili hakuna wa kumfuata. Kwa watu wa rekodi katika hospitali zetu, mtoto wa namna hiyo ni mstari wa daftari wenye nafasi tupu, na kuzijaza kunahitaji mtu wa kumuuliza mama yake kwa upole, kwa lugha anayoisikia: kwenu ni wapi, mtoto ana miaka mingapi, ameugua malaria mara ngapi, na uvimbe ulianza lini.